Oto Itolewe au Ibaki? Mjadala wa Giaboksi, Pwani ya Ngumbo

Lami imefika Mbamba Bay. Ukitoka Mbinga mjini unateremka kilomita 66 bila kula vumbi, unaacha baridi na mikahawa ya Umatengo, unapokelewa na joto la Ziwa Nyasa zaidi ya mita 800 chini ya ulikotoka. Ila anayekwenda Ngumbo akifika Mbamba Bay bado ana safari. Anakata kaskazini, anapita Liuli, na njia hiyo ni changarawe, udongo, mchanga wa karibu na ziwa na makorongo ambayo masika huwa mito. Ndiyo inayoendelea mpaka Lituhi.

Magari ya fowili yanayoimudu njia hiyo ni koo mbili. Kuna hadtopu na mikonga ya Land Cruiser, magari ya hospitali, halmashauri na misheni, yaliyotoka kiwandani na klachi yake. Halafu kuna Surf, Prado na Pajero za watu binafsi, mtumba wa Japani, nyingi zikiwa oto kwa sababu mnunuzi wa kwanza hakutaka kuhangaika na klachi kwenye foleni. Gari la foleni za Osaka linakuja kumalizia umri wake kwenye makorongo ya Nyasa. Oto ikianza kusumbua, ushauri wa kijiweni ni mmoja tu: toa hiyo, weka manuali.

Ushauri huo nimeuweka mezani. Sauti zilizomo humu nimezipanga mimi na sikuzipa majina, lakini undugu wao ni ule wa kawaida wa huku. Mwalimu ni mstaafu, mama mwenye Surf. Dereva ni mtoto wa kaka yake. Mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, ni wifi yake. Fundi ametoka Mbinga kwa Hiace mpaka Mbamba Bay, akamalizia kwa bodaboda, na mkoba wa spana mgongoni. Gari lenyewe ni Hilux Surf, ile ya KZN185, injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye tabo. Asubuhi linakwenda vizuri. Likishapata moto, unakanyaga mafuta, injini inalia, gari linajivuta kama halitaki.

DEREVA: Shangazi, mimi nilishasema. Oto si gari la huku. Nikipanda kilima na magunia, haijui ishike gia gani. Inaingia, inatoka, inaingia tena. Ningekuwa na klachi ningechagua gia ya pili mwenyewe nikakaa nayo mpaka juu.

MWALIMU: Kwenye hiyo selekta kuna 2. Umewahi kuitumia?

DEREVA: Ile ni ya dharura, shangazi.

FUNDI: Si ya dharura, mdogo wangu. Hiyo 2 na hiyo L ndizo za kilima na mteremko. Ila sitaki kukuvunja moyo, maana una hoja. Tuanze na mteremko. Giaboksi ya manuali inayokaa kwenye Surf hizi ni R150, na gia yake ya kwanza ina uwiano wa 3.83. Yaani injini inazunguka mara 3.83 ndipo shafti ya kutokea izunguke mara moja. Kwenye oto hii gia ya kwanza ni 2.80. Ukiteremka na mzigo kutoka Umatengo, injini yenye 3.83 inalizuia gari zaidi, na breki zako zinapumua. Oto ukiiweka L nayo inazuia, ila haiwezi kufikia ile.

MCHUUZI: Na kupanda je?

FUNDI: Kupanda ndiko oto inakolipa, mama. Kati ya injini na gia za oto kuna konveta, na kazi yake inafanywa na mafuta, hakuna chuma kinachoshikana na chuma. Gari linapoanza kuondoka, konveta huzidisha nguvu ya injini, karibu mara mbili. Chukua 2.80, zidisha kwa mbili: 5.6. Manuali haina cha kuzidisha. 3.83 inabaki 3.83. Ndiyo maana kwenye mchanga oto inanyanyuka polepole bila kuchimba, na kijana wa manuali akiachia klachi kwa pupa tairi zinazama mpaka chesisi inalala chini.

MCHUUZI: Hilo nimelishuhudia. Mitumbwi ilikuwa imerudi na usipa alfajiri, mwezi hakuna, mzigo mwingi. Hadtopu ya kukodi ikaja mpaka karibu na maji. Kuondoka ikashindwa. Tulisikia harufu ya klachi kuliko harufu ya usipa.

DEREVA: Yule hakuwa dereva.

MWALIMU: Kila anayekwama anaambiwa hakuwa dereva. Aliyepita tu ndiye dereva?

Hapa nitaingilia, maana kuna jambo linaloharibu mjadala huu kila unapoanza: sifa. Vijiweni, mwenye klachi ndiye mwanamume, mwenye oto ni abiria aliyeshika usukani. Ningependa wenye imani hiyo wakumbuke Safari Rally ya Kenya ya mwaka 1979. Shekhar Mehta alishinda na Datsun yake, na nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa Hannu Mikkola wa Finland kwenye Mercedes-Benz 450 SLC 5.0. Gari lile zito lilikuwa na oto ya gia tatu. Mwisho wa mwaka huohuo, kwenye mashindano ya Bandama kule Ivory Coast, Mercedes za aina hiyo zilichukua nafasi nne za mwanzo, Mikkola akiwa wa kwanza. Matope ya Afrika, vumbi la Afrika, oto. Tena Toyota yenyewe, iliporudisha Land Cruiser ya 70 sokoni Japani Novemba 2023, iliiweka na injini ya dizeli ya lita 2.8 na giaboksi ya oto ya gia sita. Manuali haikuwepo. Kama ukoo wa mkonga umefika huko, basi hoja ya kwamba oto ni ya mjini inabidi itafute mguu mwingine wa kusimamia.

Mguu huo upo, na aliyeushika ni Mchuuzi.

MCHUUZI: Hayo mashindano walikuwa na mafundi wanawafuata na gari la spea. Mimi nikifia katikati ya Liuli na Ngumbo saa mbili usiku ananifuata nani? Hadtopu ikinifia, kijana yeyote wa bodaboda anajua klachi ni nini. Atalala chini, atafunga waya, atatoa hewa kwenye silinda, tutaondoka. Oto ikinifia, anafungua boneti, anaangalia, anafunga boneti, ananiambia pole.

DEREVA: Na betri ikichoka, manuali tunasukuma. Oto husukumi.

FUNDI: Kusukuma oto ni kweli haiwezekani. Lakini msijidanganye kuhusu Surf hii, hata ikifungwa manuali. Injini yake ya 1KZ-TE pampu yake ya dizeli inaongozwa na kontroboksi, haijiendeshi yenyewe kama pampu za zamani. Betri ikiwa imechoka kidogo, imeshindwa kuzungusha stata tu, utaisukuma itawaka. Betri ikifa kabisa, mtasukuma mpaka Lituhi. Kontroboksi haina umeme, pampu haipewi amri. Hadtopu yenye 1HZ ndiyo unayoweza kuitegemea kwa kusukuma, kwa sababu pampu yake ni ya kimakanika, inataka umeme kidogo tu wa kufungulia dizeli. Ukibadili giaboksi hujabadili injini.

DEREVA: Hilo sikulijua.

FUNDI: Wengi hawalijui, na wanaliuza kama sababu. Jambo jingine ni kuvutwa. Oto ikivutwa na kamba injini ikiwa imezimwa, pampu yake ya mafuta haizunguki, gia zinazunguka kavu, zinaungua. Nyingi zinafia kwenye kamba na si mlimani. Lakini Surf ina transfa. Kile kirungu kidogo cha fowili kina N yake. Kiweke hapo kabla hujafunga kamba, giaboksi inasimama, propela zinazunguka zenyewe. Nani alikuwa anafanya hivyo?

Dereva akaangalia pembeni. Mwalimu akamwangalia Dereva.

MWALIMU: Gari hili limevutwa, fundi. Kutoka Liuli mpaka hapa.

FUNDI: Aa. Basi tuliweke hilo kiporo.

MWALIMU: Kabla ya kiporo niambie hiyo manuali yenyewe inaingiaje. Kijana anazungumza kana kwamba ni kubadili tairi. Nataka kujua nitalipia nini.

FUNDI: Mama, nitakueleza kama ninavyomweleza mwanafunzi, maana wenye magari wanaonikimbia katikati ya kazi ni wale niliowaeleza nusu. Kwanza, usinunue giaboksi. Nunua seti. Aliyekuuzia giaboksi peke yake amekuuzia mwanzo wa matatizo. Seti ni giaboksi na transfa yake zikiwa zimeungana, flaiwili, sahani ya klachi, presha pleti, beringi yake, uma wake, silinda ya klachi ya juu na ya chini, paipu yake, pedali mbili na kibebeo chake, na kile kipande cha bati cha sakafu kinachozunguka kirungu cha gia. Vyote kutoka gari moja. Injini ileile, 1KZ, siyo ya petroli, siyo ya 2L. Kwa nje giaboksi zinafanana. Mdomo unaoshika injini haufanani.

DEREVA: Pedali mbili za nini? Breki ipo.

FUNDI: Pedali ya breki ya oto ni pana, imetengenezwa kwa mguu mmoja wenye nafasi yote. Ukiongeza klachi pembeni yake, kiatu chako kitakanyaga vyote viwili siku unayotaka kimoja. Nimeona mtu anaikata kwa msumeno. Usikate pedali ya breki.

MCHUUZI: Mungu wangu.

FUNDI: Sasa nyuma ya injini. Oto haina flaiwili. Ina sahani nyembamba ya chuma inayoshika konveta. Hiyo inatoka, flaiwili inaingia. Hapo katikati ya krenki kuna tundu dogo, na kwenye tundu hilo manuali inataka beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Injini iliyokuwa na oto mara nyingi haina beringi hiyo, maana haikuihitaji. Fundi mwenye haraka anafunga bila kuiweka. Gari linakwenda. Baada ya muda linaanza kulia ukikanyaga klachi, halafu shafti inacheza, na kinachofuata ni kushusha giaboksi upya. Beringi ndogo tu ya kukaa kiganjani, inakurudishia kazi yote nyuma.

MWALIMU: Na mpira huo nitajuaje kama umewekwa?

FUNDI: Si mpira, mama, ni beringi. Utajua kwa kuja gereji siku hiyo ukasimama. Nasema kweli. Mwenye gari asimame pale flaiwili inapofungwa.

Akaendelea. Ukuta kati ya injini na miguu ya dereva unahitaji tundu la silinda ya klachi. Kwenye Toyota nyingi mahali pake pameshaandaliwa, pamezibwa tu. Sakafu ya katikati inakatwa ili kirungu cha gia kitokeze pale kinapotaka, si pale ilipokuwa selekta. Mauntingi ya nyuma ya giaboksi huenda ikasogea, na propela zipimwe upya kabla ya kufungwa, maana ikiwa fupi inachomoka na ikiwa ndefu inasukuma transfa kila gari linaporuka. Rejeta nayo ina sehemu ya kupoozea mafuta ya oto chini yake, na paipu mbili zinazokwenda huko. Hizo zinaondolewa na matundu yake yanazibwa. Yote haya anayasema bila kuangalia karatasi. Ukimsikiliza unaelewa kwa nini kazi iliyoanza kwa kauli ya kijiweni, toa weka, inaishia na Surf iliyowekwa juu ya mawe, mabati ya sakafu yamekatwa, kuku wanalala ndani.

DEREVA: Na umeme? Hii si gari la zamani.

FUNDI: Umeme ndio unaofukuza mafundi. Ukitoa oto kuna mambo matatu yanakupata palepale. La kwanza, gari haliwaki. Stata inasubiri ishara kwamba selekta iko P au N, na selekta haipo tena. Fundi wa kuungaunga anaunganisha nyaya mbili moja kwa moja, gari linawaka, anachukua pesa yake. Kuanzia siku hiyo gari linaweza kuwashwa likiwa ndani ya gia. Mtoto akigeuza ufunguo, linaruka. Inayotakiwa ni swichi ya klachi, mpaka uikanyage ndipo stata ipate umeme. La pili, taa ya nyuma ya kurudi, swichi yake ilikuwa kwenye oto; ihamishwe. La tatu, kontroboksi ya Surf hii inasimamia injini na oto kwa pamoja. Ikitafuta oto isiione, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Wengine wanatoa balbu. Mimi nasema leta kontroboksi ya manuali pamoja na seti.

MCHUUZI: Kwa hiyo kila ukigeuka, seti.

FUNDI: Kila ukigeuka, mama.

Nadhani hapa ndipo penye uzito wa jambo zima. Kubadili oto kuwa manuali si ushirikina wala si ubunifu wa ajabu. Toyota ilitengeneza Surf hiyohiyo kwa namna zote mbili, kwa hiyo kila kifaa kinachotakiwa kipo duniani, kimeshapimwa kiwandani na kina namba yake. Tatizo la Ngumbo ni masafa. Seti kamili inapatikana Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, na Songea bado si Ngumbo. Ukibahatika utaipata karibu, kwenye gari lililogongwa Njombe au Makambako. Kila kifaa kilichosahaulika ni safari nyingine ya basi, na kwenye usafiri wa namna hiyo ndipo watu wanapochoka wakaanza kuunga. Gari lililoungwa ni baya kuliko oto mbovu na kuliko manuali mbovu, kwa sababu fundi atakayelikuta kesho hatajua ni gari gani. Kadi ya gari itamwambia namba ya chesisi na ya injini. Haitamwambia kwamba transfa ni ya Prado, klachi ni ya Hilux, na swichi ya stata imewekwa chini ya redio. Kama umekata bima kubwa, mwambie na mwenye bima. Hilo nalipitia haraka kwa kuwa najua ni wangapi pwani hii wanaokata bima kubwa.

MWALIMU: Nimesikiliza. Sasa nisikilizeni na mimi. Mnaongea kilima, mnaongea kamba. Hakuna aliyeuliza nani anaendesha. Goti langu hili la kushoto lilipasuliwa. Kutembea natembea. Kukanyaga klachi kutoka hapa mpaka Mbamba Bay, kila korongo nikanyage, kila ng'ombe nikanyage, siwezi. Mkinifungia manuali mmeninyang'anya gari langu, mtabaki mnanipakia kama gunia.

DEREVA: Shangazi, mimi nipo, nitakuendesha.

MWALIMU: Upo leo. Ukipata kazi Songea je? Nilisubiri magari ya watu miaka yote ya kazi. Gari hili nililinunua kwa kiinua mgongo ili nisimsubiri mtu.

MCHUUZI: Wifi hapo amesema.

FUNDI: Amesema. Mimi hilo la goti lilitakiwa kuwa swali langu la kwanza.

Kimya kidogo. Kisha Fundi akarudi kwenye kiporo chake. Akamwomba Dereva awashe gari, alizungushe barabarani mpaka lipate moto, alirudishe, alisimamishe P bila kuzima. Oto ya aina hii haipimwi mafuta injini ikiwa imezimwa, alisema, na nusu ya oto zinazojazwa kupita kiasi au kupunjwa zinatokana na hilo. Akachomoa stiki, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akairudisha, akaichomoa tena, akaigandamiza kwenye kitambaa. Tukasogea wote.

Mafuta mazima ya oto ni mekundu, yanapita mwanga. Yaliyoungua ni meusi na yananuka moto. Haya hayakuwa mekundu wala meusi. Yalikuwa mazito, ya rangi ya waridi iliyochanganywa maziwa.

FUNDI: Hapa kuna maji.

DEREVA: Ya korongo?

FUNDI: Inawezekana, ila kwanza nashuku rejeta. Nimesema kule chini ya rejeta kuna sehemu ya kupoozea mafuta ya oto. Ndani yake mafuta yanapita upande mmoja, maji ya injini upande wa pili, na kati yao ni ukuta mwembamba. Ukioza, maji yanaingia kwenye oto. Maji yanabandua vitambaa vya sahani za ndani. Ndiyo maana asubuhi inashika, ikipata moto inateleza. Umekuwa ukiongeza maji kwenye rejeta mara kwa mara?

DEREVA: Kila Jumamosi.

FUNDI: Basi yalikuwa yanakwenda huku.

MWALIMU: Kwa hiyo haikuuawa na kilima.

FUNDI: Haikuuawa na kilima, wala mchanga, wala kwa kuwa ni oto. Kamba inaweza kuwa ilisaidia. Lakini iliyoiua ni rejeta ya zamani, maji ya kisima yasiyo na dawa ya kutu, na mafuta ambayo sidhani kama yamewahi kubadilishwa tangu gari lishuke melini. Toyota wanataka Dexron kwenye hii. Mlikuwa mnaweka nini?

DEREVA: Haidroliki ya dukani. Ile nyekundu.

FUNDI: Nyekundu.

Hiyo ilikuwa hukumu ya oto ile: imekwisha, na kuifumua hapa Ngumbo bila vitambaa vipya vya sahani ni kupoteza siku. Lakini kujua ilivyokufa kunabadilisha swali. Nilivyousikia mjadala, ningekuwa na Surf ambayo oto yake ni nzima, nisingeitoa kwa maneno ya mtu. Ningebadilisha mafuta, ningeweka kipoozeo kidogo cha pembeni mbele ya rejeta ili mafuta ya oto yasikutane tena na maji ya injini, na ningejifunza kutumia 2 na L. Ikiwa imekufa, na anayeendesha ana miguu miwili mizima, anabeba mzigo, analala porini, na kuna seti kamili ya gari moja, manuali ni uamuzi mzuri huku kuliko oto ya pili ya mtumba ambayo hujui ilikufa na nini kwao. Katika gari la Mwalimu, sharti la miguu halijatimia.

DEREVA: Oto nyingine itakufa vilevile.

FUNDI: Itakufa vilevile ikikutana na rejeta ileile. Na oto ya mtumba usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mwambie muuzaji ashushe sampu chini. Humo ndani kuna sumaku. Ukikuta kwenye sumaku uji laini wa kijivu, ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyokuna kidole, mwachie mwenyewe. Asiyekubali kufungua sampu usimpe pesa.

MWALIMU: Basi nunua rejeta kwanza. Oto baadaye. Nikikuta umefunga oto mpya kwenye rejeta hii, tutakosana.

FUNDI: Hatutakosana, mama. Hii ya zamani nitaitoa nikuachie nyumbani, usije ukasema nimeirudisha.

MCHUUZI: Na wewe fundi, kuna seti ya manuali uliyoiona popote?

FUNDI: Makambako. Surf imegongwa ubavuni, injini na giaboksi havijaguswa.

MCHUUZI: Surf yangu iko kwa shemeji Liuli, oto ilikata kabla ya masika. Ile haihusiani na goti. Naichukua hiyo seti, kama nauli ya kuileta tunagawana.

FUNDI: Nauli ya mzigo ni yako, mama, mimi nauli yangu. Ngoja nimpigie.

Akapiga. Mtandao ulikuwa unakatakata, kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye chanja za usipa: giaboksi na transfa visitenganishwe, kontroboksi itolewe na plagi zake bila kukata waya, pedali zote mbili, kipande cha sakafu. Akasikiliza. Akasema hapana, kaka, boliti za flaiwili nazo nazitaka, zihesabu uziweke kwenye mfuko. Huku gari ni oto, boliti zake ni fupi, hazitashika.